Mama Mwenye Nyumba wa Vyumba Sita: Wenye Nyumba Wadogo wa Dar Walivyovuka Miaka Migumu

Kuna mtu mmoja ambaye kila aliyewahi kupanga uswahilini anamfahamu. Jina lake la kwenye karatasi halijulikani na wala hakuna anayeliuliza. Ni "mama mwenye nyumba" tu. Jioni anakaa barazani na kanga yake kiunoni, anasalimiwa na kila anayepita, na bila kuuliza mtu anajua nani leo karudi na kitu mkononi na nani karudi mikono mitupu. Chumba chake ni cha kwanza ukiingia. Vitano vilivyobaki vina wapangaji.

Wengi wanamkumbuka kwa vituko. Ndiye anayefunga bomba saa tatu usiku, anayehesabu ndoo za maji, anayetaka kujua mgeni wako analala au anaondoka. Sawa, vituko vipo. Lakini ukiifuatilia historia ya Dar es Salaam utashangaa. Mtu huyu na wenzake wamepita katikati ya vita, kodi za mkoloni, Azimio la Arusha, majumba kutaifishwa, foleni za sukari, shilingi kuporomoka, watu kupunguzwa kazini, mpaka korona. Kuna waliokuwa na maghorofa wakayapoteza kwa siku moja. Kuna benki ya nyumba iliyofungwa. Yeye bado yupo barazani.

Amewezaje? Siyo kwa bahati peke yake. Kuna mambo aliyafanya, mengine kwa akili, mengine kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Na kwa yeyote leo mwenye vyumba viwili vitatu vya kupangisha, huku bei zinapanda na wapangaji wanasuasua, mambo hayo yana faida kuliko semina nyingi za ujasiriamali.

NYUMBA YA MITI NA UDONGO

Rudi nyuma kidogo. Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Wajerumani wakaifanya makao makuu yao mwaka 1891. Eneo tunaloliita Kariakoo lilipata jina lake baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, pale walipoweka kambi ya wapagazi wa jeshi. Jina la kikosi kile cha wapagazi likatamkwa kwa ulimi wa wenyeji, likawa Kariakoo, na hadi leo hakuna anayelitamka vinginevyo.

Kwenye viwanja vile vilivyopangwa kwa mistari ndipo ilipoota nyumba ya Kiswahili yenyewe. Baraza mbele, mlango wa kati, ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Uani kuna jiko, bafu, choo na pengine banda la ziada. Kuta za mwanzo zilikuwa miti na udongo, zile ambazo watu huziita mbavu za mbwa. Paa lilikuwa makuti, au madebe yaliyofunguliwa na kunyooshwa. Bati lilikuja mfuko ukiruhusu, saruji ikaja baadaye tena.

Ukiitazama haraka utasema ni nyumba ya mtu asiye na pesa. Ukiitazama kibiashara, ni mpango uliokaa vizuri sana. Kila chumba kina mlango wake ukumbini, kwa hiyo kila chumba ni mpangaji mwingine. Mmoja akihama, wanabaki wanne. Mmoja akiumwa au akifukuzwa kazi, wengine wanaendelea kulipa. Mwenye nyumba nzima aliyoipangisha kwa mtu mmoja hana kinga hiyo, maana mtu huyo akiondoka, mapato yote yameondoka naye.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kupangisha. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na serikali ya Waingereza nayo ikaendelea kutaka kodi yake kwa fedha taslimu. Ndizi na muhogo wa shambani havikukubalika dirishani. Chumba cha kupangisha kikawa njia ya kupata sarafu kila mwezi bila kwenda kubeba mizigo bandarini.

Na wanawake walilielewa hilo mapema. Taarifa zilizoandikwa kuhusu Dar ya miaka ya 1950 zinawataja wanawake wengi waliokuwa na nyumba zao wenyewe. Wengine walirithi, wengine waliachika wakaamua kutotegemea tena mume, wengine walikusanya senti za vitumbua, za pombe au za ushonaji. Kwa mwanamke wa wakati ule ambaye ajira za ofisini zilikuwa mbali naye, vyumba sita vilikuwa ndiyo mshahara na ndiyo pensheni.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, bidhaa ziliadimika na bei zikapanda. Watu wakazidi kumiminika mjini. Serikali ya mkoloni ikaweka sheria za kuzuia kodi za nyumba zisipande ovyo. Makuli wa bandari waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1947, na malalamiko makubwa yalikuwa kwamba mshahara hautoshi maisha. Sasa fikiria mwenye nyumba ambaye wapangaji wake watatu ni makuli. Mgomo ule ulikuwa unamhusu. Mshahara wa bandarini ulikuwa ndiyo kodi yake, kwa njia ya kuzunguka.

Hapo ndipo lilipo jambo la kwanza. Mwenye nyumba mdogo hakuwa na haja ya gazeti kujua uchumi umeyumba, kwa sababu alikuwa analala ukuta mmoja na huo uchumi. Alisikia mpangaji anakohoa usiku, aliona sufuria inachelewa kupanda jikoni. Akajua mwezi huu kodi itachelewa, na akajipanga kabla.

"Mama, mwezi huu mambo yamekaa vibaya."

"Nipe ulichonacho mwanangu. Kilichobaki tutaongea Jumamosi."

Mazungumzo ya namna hii yamefanyika maelfu ya mara kwenye kumbi za Dar, na ukiyapigia hesabu siyo huruma tupu. Chumba kikikaa kitupu miezi miwili, ile kodi ya miezi miwili hairudi tena. Mpangaji anayelipa nusu leo na nusu Jumamosi bado ni mpangaji.

MSTARI WA SHILINGI LAKI MOJA

Uhuru ukaja. Shirika la Nyumba la Taifa likaanzishwa mwaka 1962. Umiliki wa ardhi wa moja kwa moja aliouacha mkoloni ukafutwa mwaka uliofuata, ardhi ikawa ya kukodi kutoka serikalini. Kisha tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha.

Wengi wanalikumbuka Azimio kwa mabenki na viwanda kutaifishwa. Lakini lilikuwa na masharti ya viongozi, na sharti mojawapo lilimgusa mwenye nyumba moja kwa moja: kiongozi asiwe na nyumba anayopangisha. Sharti halikumhusu kiongozi peke yake, lilimhusu na mwenzi wake wa ndoa. Ghafla watu waliokuwa wameweka akiba yao yote kwenye nyumba ya pili wakawa njia panda. Uongozi au nyumba?

Wapo waliochagua nyumba wakaacha vyeo. Wapo waliochagua vyeo wakauza. Na wapo waliotafuta ujanja, wakaiandikisha nyumba kwa jina la mjomba, la shemeji, au la mtoto aliyekuwa bado anasoma. Ujanja huu ulikuwa na bei yake. Mjomba alipofariki, watoto wa mjomba walifungua makaratasi wakaona jina la baba yao. Kesi za namna hiyo huwa hazina mshindi anayecheka.

Miaka minne baadaye likaja kubwa zaidi. Aprili 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Kutwaa Majengo. Jengo lolote lililopangishwa, lote au sehemu yake, lenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, serikali iliweza kulichukua. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha wakati ule hiyo ilikuwa kama dola 14,000 za Marekani. Jengo lililozidi umri wa miaka 10 halikulipwa fidia. Ofisi mpya ikaundwa kuyasimamia, na jina lake likaingia kwenye lugha ya mtaani hadi leo: Msajili wa Majumba.

Waliopigwa zaidi walikuwa familia za Kiasia zilizokuwa na maghorofa katikati ya mji. Mtu alijenga ghorofa mbili kwa akiba ya vizazi, chini duka, juu familia, vyumba vingine amepangisha. Asubuhi akaamka ni mpangaji ndani ya nyumba aliyoijenga. Wengi walikata tamaa wakahamia Uingereza, Canada na kwingine. Walikuwemo pia Waafrika waliopoteza majengo siku hizo.

Na mama wa vyumba sita? Nyumba yake ya udongo na bati haikukaribia laki moja. Mstari ulipita juu ya kichwa chake. Uswahilini watu waliamka kama kawaida, wapangaji wakaenda kazini, kodi ikaendelea kukusanywa.

Mtu anaweza kusema udogo ndio uliomwokoa, na kuna ukweli. Lakini lipo la kujifunza zaidi ya udogo. Waliopoteza walikuwa wameweka kila kitu kwenye jengo moja linaloonekana kutoka mbali. Na nyumba ambayo mwenyewe aliishi na familia yake bila kupangisha haikuguswa na sheria ile. Hatari ya mwenye nyumba siyo mpangaji asiyelipa tu. Sheria nayo ni hatari, na inaweza kubadilika usiku mmoja. Anayewekeza kwenye nyumba huku hafuatilii sheria za nyumba anatembea gizani.

MIAKA YA FOLENI

Msajili wa Majumba alirithi maelfu ya nyumba, akatoza kodi ndogo. Mwanzoni ilikuwa neema kwa wapangaji. Tatizo likaja pole pole. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Katikati yake Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 na 1979. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka yalikuwa na rafu tupu. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, saruji kwa kibali.

Mfumuko wa bei katika sehemu kubwa ya miaka hiyo ulicheza karibu na asilimia 30 kwa mwaka. Ili uone ukali wake, chukua chumba cha kodi ya shilingi 100 ambacho kodi yake haikupandishwa kwa miaka 10. Mwisho wa miaka hiyo, shilingi 100 ile inanunua vitu ambavyo mwanzoni ungevipata kwa shilingi 7 hivi. Chumba ni kilekile, ukuta uleule, lakini kodi imeyeyuka. Ndivyo ilivyokuwa kwa majengo mengi ya umma yenye kodi za kupangwa. Pesa ya rangi haikupatikana, mabomba yakavuja, lifti zikakwama. Na kwa kuwa kodi rasmi ilikuwa chini sana kuliko bei ya mtaani, kilemba kikashamiri: anayetaka chumba alimlipa aliyemo ndani pesa nono ya kumwachia ufunguo. Mwenye jengo hakuiona hata senti ya pesa hiyo.

Shilingi yenyewe nayo iliteremka. Mwaka 1980 dola moja ilikuwa kama shilingi 8. Mwaka 1990 ilikuwa karibu na 195. Aliyekuwa na akiba benki aliiona ikiisha huku tarakimu kwenye kitabu zikibaki vilevile.

Sasa mwenye nyumba mdogo alifanya nini? Alikataa kukaa na pesa. Akipokea kodi leo, kesho ilikuwa tofali. Kama saruji ilipatikana, alinunua mfuko mmoja. Kama misumari ilipatikana, alinunua kilo. Ndiyo maana Dar ilijaa, na bado imejaa, misingi yenye nyasi, kuta zisizo na paa, na nondo zinazochungulia juu ya lenta. Mgeni akipita anadhani miradi imekufa. Mwenyewe anajua ile ndiyo benki yake. Tofali halipungui thamani kwa sababu gavana kasaini karatasi.

Hapo pia ndipo inapoeleweka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, ile inayowatoa wapangaji machozi hadi leo. Ilikuwepo Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1973, lakini mama wa vyumba sita asiye na hati wala mshahara hakuwa mteja wa kukimbiliwa na benki yoyote. Kodi ya mwaka iliyolipwa mapema ndiyo ilikuwa mkopo wake, tena usio na riba. Aliichukua Januari ikiwa bado ina nguvu, akaezeka bati kabla ya masika. Kwa maneno mengine, mpangaji ndiye aliyemjengea. Benki ile yenyewe ikafungwa mwaka 1995 ikiwa imeelemewa na madeni yasiyolipika. Nyumba zilizoezekwa kwa kodi za wapangaji nyingi bado zipo.

Lakini njia hii ilikuwa na upande wa pili. Ukichukua ya mwaka mzima wakati bei zinapanda kila mwezi, kuanzia mwezi wa nne unahudumia mpangaji kwa pesa uliyokwisha kuitumia. Paa likivuja Agosti, huna kitu. Waliokuwa makini walichukua ya mwaka kwa vyumba viwili na ya mwezi kwa vilivyobaki. Viwili vilijenga, vilivyobaki vililisha.

Na kulikuwa na hofu nyingine. Mwaka 1983 serikali ilianza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Watu walitupa mali usiku, mitaroni na porini, kwa kuogopa kuulizwa waliipata wapi. Kipindi hicho risiti ilikuwa karatasi ya kutunzwa kama hirizi. Kuanzia hapo wapo wazee ambao kila risiti ya mfuko wa saruji waliifungia kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka chini ya godoro. Wajukuu waliwacheka, mpaka siku ya mgogoro wa kiwanja ilipofika, na ule mfuko wa nailoni ukawa ndiyo wakili.

Mshahara wa mtumishi wa umma katika miaka hiyo ulipoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake. Kwa hiyo hata watu wa ofisini wakaanza "miradi": kuku nyuma ya nyumba, ng'ombe wa maziwa, bustani ya mchicha. Na wengi wakajenga vyumba vya uani. Maeneo kama Sinza na Kijitonyama, yaliyopimwa viwanja katika miaka ya 1970 kwa mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia, yalijaa nyumba za namna hiyo: mbele anakaa mwenye nyumba, nyuma vyumba vitatu vya wapangaji. Ni ile nyumba ya Kariakoo, imevaa tu suruali mpya.

KARIAKOO YAGEUKA

Mwaka 1990 majengo ya Msajili yalikabidhiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1991, kwenye kikao cha chama tawala kilichofanyika Zanzibar, yale masharti ya mwaka 1967 yakalegezwa. Kiongozi akaruhusiwa tena kupangisha nyumba. Jambo lililomfanya mtu aache cheo sasa likawa la kawaida kabisa. Waliouza nyumba zao mwaka 1967 kwa kutii walibaki kutikisa vichwa.

Soko huria likaingia. Maelfu ya watumishi wakapunguzwa kazini. Mpangaji aliyekuwa analipa bila kukosa tarehe 30, sasa yupo nyumbani asubuhi anasikiliza redio. Wenye nyumba waliokuwa wamejaza vyumba vyote kwa watumishi wa shirika moja walilia pamoja nao. Waliokuwa na mchanganyiko, yaani fundi cherehani, mwalimu, muuza samaki na kijana wa daladala, walipepesuka tu.

Wengine wakavunja ukuta wa mbele wakaweka mlango wa duka. Chumba cha kulala kikawa fremu. Kariakoo yenyewe ikageuka soko zima, na wawekezaji wakaanza kuwafuata wazee barazani na mabunda ya pesa. Hapo familia ziligawanyika. Kuna walioiuza nyumba ya vyumba sita, wakagawana, wakanunua viwanja nje ya mji na gari moja. Kuna waliokubaliana na mwekezaji ajenge ghorofa, familia ipewe vyumba au fremu zake ndani ya jengo jipya. Wa kwanza walishika pesa nyingi kwa mara moja. Wa pili waliendelea kupokea kodi baada ya ile pesa ya wa kwanza kwisha.

Siyo kwamba ghorofa ni pepo. Jengo baya linaua. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Mwenye kiwanja anayesaini na mwekezaji bila kuuliza mhandisi ni nani, na vibali viko wapi, anaweka rehani kitu kikubwa kuliko kodi.

CHUO, DODOMA NA LUKU

Miaka ya karibuni imeleta mitihani mipya yenye sura ya zamani. Mwaka 2016 serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa kasi. Watumishi wakafunga mizigo, baadhi ya nyumba za Dar walizokuwa wamepanga zikabaki na mabango ya dalali getini. Dodoma ikawa kinyume, vyumba vikagombaniwa.

Kisha Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona, vikafunguliwa tena Juni. Mwenye vyumba kumi karibu na chuo, vyote vya wanafunzi, aliamka asubuhi moja akiwa na kufuli kumi. Mwaka wote uliotangulia alikuwa anaonekana mjanja. Kilichompata ni kilekile kilichowapata waliopangisha kwa watumishi wa shirika moja katika miaka ya 1990. Kapu moja, mayai yote.

Mwezi Agosti 2021 kodi ya majengo ikaanza kukatwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Pesa ndogo, ugomvi mkubwa. Anayenunua umeme ni mpangaji, mwenye jengo ni mwingine. Nani kalipa kodi ya nani? Kwenye nyumba ambazo watu waliketi ukumbini wakaongea, ilikatwa kwenye kodi ya chumba, yakaisha. Kwenye nyumba ambazo mwenyewe anaonekana kwa ujumbe wa simu tu, watu walinuniana kwa miezi kwa ajili ya shilingi elfu.

ALIYE NA VYUMBA VIWILI VITATU LEO

Ukikusanya miaka yote hiyo, kuna mambo yanajirudia, na yanamfaa hata anayeanza na banda la uani.

Kwanza, pigia hesabu miezi 10, siyo 12. Kila mwaka kuna chumba kitakaa kitupu, kuna mtu atachelewa, kuna shimo la choo litajaa. Ukitumia kodi ya mwaka mzima kana kwamba yote itaingia, mwezi mmoja mbaya unakuangusha.

Pili, changanya wapangaji. Wenye mshahara na wenye biashara, wanafunzi na familia. Ukiona wote wanafanana, jua wote watayumba siku moja.

Tatu, ongeza kodi kidogo kidogo na kwa taarifa. Kodi isiyoguswa miaka 10 inayeyuka kama ile ya majumba ya umma. Kodi inayoruka mara mbili kwa siku moja inafukuza watu wazuri, wanabaki wasio na pa kwenda.

Nne, ziba ufa. Wahenga walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bati moja linalovuja kabla ya masika ni bei ya bati moja. Baada ya masika ni dari, godoro la mpangaji na ugomvi.

Tano, usijenge kwa mkopo ambao marejesho yake yanategemea vyumba kujaa. Mama wa vyumba sita alijenga pole pole, na pole pole hiyo ilimkera kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo. Lakini hakuna aliyekuja kumpigia mnada.

Sita, makaratasi. Mkataba wa maandishi hata wa ukurasa mmoja, wenye mashahidi. Hati, ofa au leseni ya makazi, chochote halali ulichonacho, kiwe kwa jina lako mwenyewe. Risiti zote. Na uandike mapema nani atarithi nini, kwa sababu nyumba nyingi zilizovuka Azimio, foleni na korona zimekuja kufia mahakamani mikononi mwa watoto wa tumbo moja.

La mwisho ndilo gumu kulinunua: mjue mpangaji wako. Kujua anafanya kazi gani, analipwa lini na msimu wake mbaya ni upi siyo umbeya, hiyo ni biashara. Anayeuza samaki anahangaika bahari ikichafuka. Mwalimu wa shule binafsi anabanwa Desemba. Ukilijua hilo mapema, mnapanga tarehe inayofaa wote wawili na chumba hakifungwi kufuli.

Hakuna mtaa uliopewa jina la mama mwenye nyumba wa vyumba sita. Hayumo kwenye vitabu vya shule, na aliyewahi kupanga kwake humsimulia kwa kucheka. Lakini jiji lililokuwa na watu kama 843,000 mwaka 1978 lilihesabiwa na watu zaidi ya milioni 5.3 mwaka 2022, na sehemu kubwa ya watu hao, siku ya kwanza waliposhuka na begi stendi, hawakupokelewa na shirika wala benki. Walipokelewa na mtu aliyekuwa barazani, aliyewatazama juu hadi chini, akauliza wanafanya kazi gani, kisha akasema chumba kipo, lakini bomba linafungwa saa tatu.